Sura ya Tisa: Unga Mchungu wa Kunde

Pitchou alikuwa mwongo, lakini hakuwa muuaji. Hilo ndilo jambo pekee Inspekta Magloire alilorudi nalo kutoka Salamabila, ukiacha mgongo uliokuwa ukimuuma tangu shingoni hadi kiunoni na vumbi jekundu lililomwingia mpaka masikioni. Alikuwa amemfuata mchuuzi huyo huko kwenye machimbo ya dhahabu akiwa na hakika kwamba anakwenda kumtia pingu. Akamkuta nyuma ya kibanda chake, jasho likimtoka, anachanganya unga wa kunde wa mshtakiwa Théophile na unga wa muhogo ili gunia moja lizae mawili.

"Iko muhogo tu, chef!" Pitchou alilia. "Muhogo haiwezi kuua mutu!"

Kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli. Muhogo humpandishia mgonjwa sukari, na Mwalimu Mado alikuwa ameuawa na sukari iliyoshuka. Tena Pitchou alikuwa akichukua mzigo Kasongo na kuupeleka huko Kabambare, kwenye machimbo. Hakuwahi kurudisha Kasongo hata kijiko kimoja. Magloire alimwamuru amwage magunia yote mtoni, akamsema mpaka roho yake ikatulia, kisha akapanda pikipiki kurudi. Walipotobokewa na tairi njiani karibu na Wamaza, alikaa kando ya barabara akimtazama dereva akiziba, na hakuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Ofisini Kasongo alikuta mkubwa wake ameacha maagizo. Gari la kwenda Kindu litaondoka asubuhi, na Théophile atakuwa ndani yake. Mji ulikuwa umekwisha kumhukumu. Mwalimu Mado, mjane aliyefundisha nusu ya watu wa Kasongo kusoma, alikuwa amezimia darasani kwake Ijumaa iliyopita na kufariki alipofikishwa kituo cha afya, na nyumbani kwake kulikuwa na bakuli la unga wa kunde ambao Théophile huwauzia wagonjwa wa sukari. Watu hawakutaka maelezo zaidi. Magloire alijua kwamba mtu huyo akishafika Kindu faili litafungwa, na hakuna atakayeuliza tena swali hata moja.

Akachukua bahasha ya unga uliokusanywa nyumbani kwa marehemu, akaenda kasho, kwenye chumba cha mahabusu.

Théophile alikuwa ameketi sakafuni, magoti yamemgusa kidevu. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, mwembamba, mwenye vidole vilivyobabuka kwa utomvu wa papai.

"Wamechoma vitanda vyangu vya kuanikia?" aliuliza.

"Vyote."

"Na mipapai?"

"Wameikata."

Théophile aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Magloire alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Nielezee tena namna unaitengeneza hii unga. Polepole. Mi si mutu wa labo."

"Napika kunde, naitwanga. Natia utomvu ya papai bichi, naacha chungu mu majivu ya moto kidogo, isichemke. Utomvu inakata protini. Protini iko kama shanga zimetungwa mu uzi murefu. Utomvu inakata ule uzi vipande vipande. Vile vipande vidogo wataalamu wanaviita peptidi. Kisha nachemsha, nachuja, naanika. Vipande vikizidi kuwa vidogo, unga inazidi uchungu."

"Na vinasaidia nini?"

"Mu mwili iko homoni yenye inaambia kongosho itoe insulini. Lakini iko kitu ingine yenye inaharibu ile homoni mapema. Peptidi zingine zinazuia ile kitu, basi homoni inaishi zaidi, na sukari inashuka. Kidogo, Inspekta."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo ya kusikitisha. Mutu anakula mwezi muzima, tena akichunga mudomo wake, njo anaona tofauti." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mama yangu alikufa na sukari. Unga yangu ingekuwa na nguvu ya kuangusha sukari ya mutu mpaka afe, unazani ningemuacha mama afe?"

Magloire alikuwa amewahoji wezi, matapeli na hata muuaji mmoja aliyeng'ang'ania kwamba marehemu alijichoma kisu mwenyewe mgongoni. Hakuwahi kukutana na mshtakiwa anayejitetea kwa kuidharau bidhaa yake. Alimwamini, na kumwamini kulimwongezea kazi.

"Mwalimu alinunua kwako siku gani?"

"Hakununua. Alikuja, nikamukatalia. Vidonge vya muuguzi Pacifique vilikuwa vinamufaa. Nilimuambia, Mwalimu, kitu yenye inakufaa usiiache."

"Unga imeonekana kwake."

"Mu sashe yangu? Mi nafunga kila sashe na moto ya mushumaa. Muliona sashe?"

Hawakuona. Unga ulikuwa ndani ya bakuli, umefunikwa kwa sosa, na nyumba nzima pamoja na shimo la taka hamkuwa na hata kipande cha vifuko vya plastiki vya Théophile. Jambo hilo lilikuwa likimkereketa Magloire tangu siku ya kwanza. Alifungua bahasha, akamwekea mtu yule chembe kidogo kwenye kidole.

"Onja."

Théophile alionja, akakunja uso, akatema pembeni.

"Iko yangu, ule uchungu naujua. Lakini iko kitu ingine ndani. Inabaki ku ulimi kama chaki."

*

Pacifique, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa anafunga dirisha Magloire alipofika. Alipoona bahasha alilifungua tena. Hakuuliza mengi. Alitoa kabatini picha ya zamani ya mbavu za mtu, ile plastiki nyeusi ya eksirei, akaitandaza mezani na kuumwaga unga juu yake. Kisha akaanza kuutawanya kwa ncha ya kisu, wakainama wote wawili.

Juu ya weusi ule unga wa kunde ulionekana rangi ya majani makavu. Katikati yake zilikuwa chembe nyeupe. Hazikuwa moja mbili. Pacifique aliibana mojawapo kwa kisu, ikapasuka ikawa vumbi.

"Hii si kunde," alisema.

"Ni nini?"

"Kidonge. Mutu alisaga vidonge."

"Kidonge gani?"

"Kuapa siwezi, hapa hatuna labo ya kupima. Lakini Ijumaa ile, walipomuleta Mwalimu, nilimutoboa kidole. Mashine haikutoa hata hesabu. Iliandika tu kama sukari iko chini kupita vile inaweza kupima. Nikiweka ile pamoja na hii," akagusa vumbi jeupe, "nasema glibenclamide, dawa ya sukari. Ile haiulize kama umekula. Inakamua kongosho, upende usipende."

"Mwalimu mwenyewe alikuwa anaimeza."

"Kila siku, akisha kula. Lakini Ijumaa hapana."

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimeingia pamoja. Kasongo yote ilifunga, Waislamu kwa utaratibu wao na Wakatoliki kwa wao, na kina mama wauza maandazi walikuwa wakimlalamikia Mungu wa pande zote mbili. Mwalimu Mado alikuwa amejiwekea kufunga kila Ijumaa mpaka jioni.

"Nilimukataza," Pacifique aliendelea. "Akakataa. Basi nikamuambia, Ijumaa ukifunga, kidonge acha. Na aliacha. Laetitia, binti yake, aliniletea vidonge vya mama yake nyuma ya maziko. Kile cha Ijumaa kilikuwa bado."

Magloire alisimama wima. Basi mambo yalikuwa hivi: mwanamke alitii kila alichoambiwa, akaacha dawa, akanywa unga kwa maji asubuhi, kabla ya kuanza mfungo, kwa sababu unga ni kunde tu na kunde si dawa. Akaingia darasani na tumbo tupu. Watoto walisimulia wenyewe yaliyofuata. Madamu alitoka jasho, akasahau neno aliloanza kuliandika ubaoni, akaketi, akalaza kichwa mezani. Wakadhani amechoka na mfungo. Kwa kuwa walimpenda, walinyamaza kimya ili apumzike, wakanyamazishana, wakakaa hivyo mpaka kengele ilipolia. Pacifique alisema wangalipiga kelele, na mtu akamtia maji ya sukari mdomoni, angalikuwa hai.

"Nani wanachukua hivi vidonge kwako?" Magloire aliuliza.

"Wengi. Muji huu sukari imeingia kila fasi."

"Nani anachukua na hamezi?"

Pacifique alicheka bila furaha. "Wote wanasema wanameza, Inspekta."

*

Nyumbani kwa marehemu matanga yalikuwa bado yamekaa. Wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa majivu, na Laetitia, binti pekee wa Mwalimu, aliketi juu ya mkeka na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ameshalia mpaka sauti ikakauka.

"Pole, mama," Magloire alimwambia, akachuchumaa. "Nina swali moja. Ile bakuli ya unga. Iko ya nani?"

"Nilishakuambia. Iko ya mama. Ile ya chuma ya emaye, ya maua mekundu. Alipewa ku ndoa yake."

"Kwa hiyo yeye mwenyewe njo alitia unga ndani."

"Nani mwingine?"

Hapo jirani mmoja alipita kati yao akiwa na sahani. Ilikuwa sahani ya nyumba hii. Alikuwa amepelekewa chakula siku ya maziko, sasa anairudisha. Ndani yake mlikuwa na konzi ya chumvi. Laetitia aliipokea, akamimina chumvi kwenye kopo lao, akasema aksanti, na hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, kwa maana ndivyo linavyofanywa kila siku. Nyumba yenye heshima hairudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukikosa kabisa, utatia hata ndizi moja, hata majani ya sombe. Mama yake Magloire, huko kwao Pangi, alimpiga kofi mara moja kwa kurudisha beseni la shangazi likiwa tupu.

Magloire alibaki akiitazama ile sahani. Bakuli lilikuwa la Mwalimu, ndiyo. Lakini bakuli hutoka, na likitoka hurudi.

"Laetitia. Alhamisi, siku moja mbele ya kifo, mama alipika nini?"

"Samaki ya Lualaba, na mafuta mekundu ya ngazi."

"Alimutumia mutu?"

"Kila Ramadhani anatumaka futari kwa Muzee Hamadi. Toka wakati wa baba. Na siku ya Idi, Muzee naye anatuletea pilau."

"Alituma mu bakuli gani?"

Laetitia alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Magloire aliona jinsi jibu lilivyokuwa likimpanda usoni kabla halijafika mdomoni.

"Mu ile ya maua," alisema polepole.

"Ilirudi na nini?"

"Sijue. Nilikuwa ku kanisa, ku mazoezi ya kuimba. Nilikuta bakuli iko ku meza." Alimshika mkono wa shati. "Inspekta, Muzee Hamadi alilia hapa kupita sisi wote. Walimubeba. Kama njo hivyo, mi sitaki kujua."

"Théophile anaenda Kindu asubuhi."

Laetitia aliachia shati lake. Akajifunika uso kwa kitambaa.

*

Mzee Hamadi alikuwa zamani mfanyabiashara wa vitambaa. Sasa duka lilikuwa limefungwa, macho yamefifia kwa sukari, na aliyeshika nyumba alikuwa binti yake Feza, fundi cherehani. Magloire aliwakuta wote barazani jua likikaribia kushuka. Feza alikuwa anashona sketi za shule. Mzee aliketi kwenye kiti cha kamba, tasbihi mkononi, mguu wa kushoto umefungwa bendeji safi.

"Karibu, mwanangu," alisema alipotambua sauti. "Umemufungulia ule kijana?"

"Bado, muzee."

"Haya njo mambo gani? Nimesema ku polisi, nimesema ku musikiti. Mimi nakula ile unga kila siku! Huu muguu ulikuwa unaoza, Feza alikuwa analia akiuosha. Leo natembea nao. Ingekuwa sumu, nani angekufa mbele kama si mimi?"

"Njo maana nimekuja, muzee. Alhamisi ile Mwalimu alikutumia futari?"

"Alinitumia. Samaki, mafuta yake mazuri." Mzee alipangusa macho. "Hakunisahau hata mwaka mumoja. Mumewe alikuwa rafiki yangu, nikamurithi mukewe kuwa dada yangu."

"Bakuli alirudisha nani?"

"Mimi mwenyewe, na fimbo yangu. Mutoto huyu hakukuwa bado kurudi soko, na mu nyumba hamukuwa kitu. Sasa nirudishe bakuli ya Mwalimu bule? Uso nitaweka wapi? Njo nikakumbuka, na yeye iko na sukari kama mimi. Nikachukua kopo ya unga yangu, yenye ilikuwa inaisha, nikakwangua chini yote, nikamutilia." Aliinua kidevu. "Nilimuambia, dada yangu, hii njo kitu kizuri kupita vyote mu nyumba yangu."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Magloire hakutaka kugeuka kumtazama Feza, lakini ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, akageuka. Mwanamke alikuwa ameshika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili.

"Baba," alisema. "Kopo gani?"

"Kopo yangu. Tuko na kopo ngapi?"

Feza aliinuka. Alimwambia Magloire kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amfuate uani ampe maji ya kunawa, akatangulia. Huko uani alishika nguzo ya jiko, akaketi chini kwenye mavumbi na vitenge vyake.

"Ulitia nini mu kopo, Feza?"

"Vidonge."

"Vya nani?"

"Vyake. Pacifique alimupatia, mi njo nilikuwa naenda kuvichukua. Hakumeza hata kimoja." Alivuta pumzi. "Baba yangu mukubwa walimukata muguu ku lopitali, akafia kule na vidonge vyake mu mukono. Toka siku ile baba aliapa, kidonge haitapita ku shingo yake. Anasema vidonge njo vilimuua ndugu yake. Muguu yake ikaanza kunuka, Inspekta, nyumba yote inanuka, na yeye anasema hapana. Théophile akaleta unga. Ile alikubali, sababu iko chakula. Lakini peke yake haikutosha. Nilikuwa naona haitoshe. Basi nikasaga vidonge mu kinu, nikachanganya. Kijiko kimoja, kidonge kimoja. Nilipima vizuri, na anakula kijiko akisha kufuturu, tumbo imejaa. Na akapona! Uliona anatembea."

"Nimeona."

"Mimi nilidhani Mwalimu alinunua. Kila mutu alisema alinunua."

Magloire alichuchumaa mbele yake. Alifikiria kopo linalobebwa kila siku, linatikiswa, linafunguliwa na kufungwa. Kunde nyepesi zinabaki juu, vidonge vizito vinazama. Mzee alikwangua chini. Mwalimu alipewa vijiko vichache vilivyobeba dawa ya siku nyingi. Hakusema, lakini Feza alikuwa fundi, na fundi hujua kupiga hesabu.

"Vya chini vilikuwa vingi," alisema mwenyewe. "Njo hivyo?"

"Njo hivyo."

"Mwalimu Mado njo alinifundisha kusoma," Feza alisema, na hapo ndipo alipolia.

Magloire alimwacha alie. Moyo ulimuuma, tena kwa hasira, maana hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Angalitoa chochote wakati ule ili muuaji awe Pitchou na muhogo wake. Mtu mwenye tamaa ni rahisi kumfunga, unalala usingizi wako vizuri.

"Unifunge," Feza alisema alipoweza kusema. "Lakini usimuambie. Andika kama nilimuuzia Mwalimu mi mwenyewe. Andika kile unataka. Akijua, hatakula tena kitu yenye imetoka mu mukono yangu. Ule muguu utarudi, na atakufa."

"PV, ripoti ya polisi, inasomwa mbele ya watu, dada. Na Théophile lazima atoke na jina lake."

"Najua. Nakuomba tu."

"Feza."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Hamadi alikuwa amesimama kizingitini, fimbo mkononi. Mwenye macho mabovu hulazimika kuwa na masikio, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Baba."

"Kila siku ulikuwa unanitilia?"

"Kila siku, baba."

"Na mimi naenda musikiti kushukuru kwa ajili ya kunde."

Hakukuwa na ukali katika sauti ile, na Feza alishindwa kuinua kichwa. Mzee aliegemea mwimo wa mlango. Tasbihi ilikuwa imemdondoka, hakuiokota.

"Nilimupelekea mwenyewe," alisema. "Alitaka kuiweka kwanza, njo mimi nilimuambia, usiweke, ule. Asubuhi ukiamuka, ule."

"Haukujua, muzee," Magloire alisema.

"Kutojua kwangu kutamuamusha?"

Magloire alitoka nje, akapiga simu ofisini. Alimwambia mkubwa wake kwamba gari la Kindu liende bila Théophile, kwamba mtu huyo alale leo ofisini na siyo kasho, na kesho yeye mwenyewe atampeleka kwake mchana watu wote wakiona. Alipoulizwa ni nani basi aliyeua, alisita. Sheria ilikuwa na jina la jambo hili, jina la baridi, la kuua bila kukusudia. Alilitaja, akakata simu.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza aliporudi. Feza alikuwa amenawa uso na kufunga kitambaa kipya, kama mtu aendaye safari. Alikuwa amemwekea baba yake maji, ndizi, kisha ugali na mboga. Mzee alikunywa maji. Chakula hakukigusa.

"Baba, kula."

Mzee aliweka mikono juu ya mapaja. Magloire aliona kwamba mambo yote sasa yako pale, kwenye sahani ile. Huyu mzee akikataa, msiba wa pili umeshaingia nyumbani. Feza hakumsihi tena. Alipiga magoti mkekani, akangoja.

Mwishowe Mzee Hamadi alinyoosha mkono, akamega tonge, akala. Akamega jingine. Alikula polepole, machozi yakimtiririka kwenye ndevu, mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Sasa nani atakuwa ananipa?" aliuliza.

Feza alivuta droo ya cherehani, chini ya vibiringo vya nyuzi akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Alichukua kiganja cha baba yake, akakikunjua, akaweka kidonge kimoja katikati.

"Utajipa mwenyewe, baba. Kimoja tu, ukisha kula. Mbele ya kula hata siku moja. Na Pacifique amesema mutu wa sukari asifunge; ukifunga kwa nguvu, uache kidonge mpaka ufuturu. Umesikia? Rudia."

"Nikisha kula. Nikifunga, niache mpaka nifuturu."

Alikigeuza kidonge kati ya vidole viwili, akakisogeza karibu na jicho lililobaki na nuru kidogo, bado hakukiona. Akakipapasa tena.

"Kumbe iko kadogo hivi," alisema.

Akakitia mdomoni, akanywa maji. Feza alitafuta kandambili zake chini ya cherehani, na Magloire akatoka kwenda kumngojea kwenye pikipiki.